Vyakula vya Miujiza: Historia ya Ndizi, Spinachi na Habbat Sauda

Bismillahir Rahmanir Rahim



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, makala haya yametokana na jambo lililotupata nyumbani kwetu. Mama yangu mkubwa ana ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Siku moja, kwenye kikao cha akina mama, alinunua mkebe wa unga wa majani. Mkebe ulikuwa umechorwa mtende na kuandikwa Bismillah, na nyuma yake kulikuwa na orodha ndefu ya maradhi yanayotibiwa na unga ule, kuanzia sukari na presha hadi saratani. Kwa muda wa miezi minne alikuwa akiunywa kwa maji ya vuguvugu kila asubuhi, na vidonge vya hospitali akavifungia kabatini. Hakutuambia. Tulipokuja kujua, kidonda cha mguuni kilikuwa kimeshaharibika, na madaktari ikawabidi wamkate vidole viwili. Alhamdulillah yu hai na anaendelea vizuri. Lakini neno alilotuambia pale wodini halijanitoka: "Mimi nilidhani ni Sunna."

Ndiyo maana nimeona tuitazame historia ya hivi vinavyoitwa vyakula vya miujiza, yaani vile ambavyo Wazungu wamevipa jina la vyakula vinavyovipita vyakula vyote. Je, jambo hili limeanzia wapi? Lipi la kweli na lipi la biashara? Na sisi Waislamu tuna mizani gani ya kupimia?

NDIZI ZA MAREKANI

Wengi wanadhani matangazo ya namna hii yameanza na intaneti. Sivyo. Moja ya kampeni za mwanzo kabisa ilikuwa ya ndizi. Kampuni ya United Fruit, iliyoundwa Marekani mwaka 1899, ilikuwa ikileta ndizi kwa meli kutoka Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ilitoa vijitabu vya kuwaeleza watu kwamba ndizi ni chakula rahisi, kinachoshibisha, kimefungwa na maumbile katika ganda lake chenyewe, na kinamfaa mkubwa na mdogo. Mengi katika hayo yalikuwa kweli. Ndizi ni chakula kizuri, na sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuambiwa hilo na mtu.

Kisha likatokea jambo lililoipa ndizi sifa ya dawa. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York aitwaye Sidney Haas alichapisha ripoti kuhusu ugonjwa wa siliaki. Mtoto mwenye ugonjwa huu huharisha, hukonda, tumbo huvimba, na zama zile wengi walikuwa wakifa. Haas alieleza habari za watoto 10. Watoto 8 waliwekwa kwenye chakula chake cha ndizi na wakapona. Wawili ambao hawakupewa walifariki. Mzazi gani angesikia habari hiyo asikimbilie ndizi?

Lakini tuangalie vizuri alichofanya daktari huyu. Alipowapa watoto ndizi, aliwakataza mkate, biskuti, viazi na nafaka zote. Miaka ikapita. Huko Uholanzi daktari mwingine, Willem-Karel Dicke, alikuwa akichunguza kwa muda mrefu athari ya ngano kwa watoto hawa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, Uholanzi ilipopatwa na njaa kubwa ya vita na mkate ukaadimika, ilionekana kwamba watoto wenye siliaki walikuwa na nafuu, na mkate uliporudi maradhi nayo yakarudi. Mwaka 1950 Dicke alitoa tasnifu yake akionyesha kwamba tatizo ni ngano. Baadaye ikajulikana kuwa ni ile protini iitwayo gluteni.

Kumbe ndizi haikuwaponya watoto wale. Kilichowaponya ni kuachishwa mkate! Kosa hili lilikuwa na gharama. Kwa kuwa iliaminika kuwa ndizi ndiyo dawa, mtoto alipoonekana amepona aliruhusiwa kurudi kwenye mkate wa ngano, na matumbo yake yakaanza kuharibika upya bila yeye kujua.

Tuzingatie, ndugu wasomaji. Haas hakuwa tapeli. Alikuwa daktari mkweli, na watoto walipona mbele ya macho yake. Alikosea kuhusu sababu tu. Ikiwa daktari mkweli anaweza kukosea hivyo, vipi kuhusu muuzaji mwenye mkebe mkononi?

MIZANI YA IBN SINA

La kutia uchungu ni kwamba kosa hilo lilikuwa limeshatahadharishwa miaka 900 kabla yake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu cha pili cha Al-Qanun fi al-Tibb masharti saba ya kuijaribu dawa. Tutaje matatu.

Kwanza, dawa ijaribiwe kwa maradhi mamoja yasiyochanganyika na mengine, ili ijulikane imefanya kazi gani hasa. Pili, ijaribiwe kwa maradhi ya aina mbili zinazopingana, kwa sababu dawa yaweza kuponya kwa nguvu yake yenyewe, na yaweza kuonekana imeponya kwa jambo jingine lililoambatana nayo tu. Tatu, athari yake ionekane daima au mara nyingi, maana kinachotokea mara moja moja huenda kimesadifu tu.

Ukiipima ndizi ya Haas kwa sharti la pili, utaona tatizo mara moja. Watoto walipewa kitu na wakanyimwa kitu kwa wakati mmoja. Kipi kilichoponya? Ndivyo ilivyo kwa mtu anayeanza kunywa unga wa ajabu na wakati huohuo anaacha soda, anapunguza sukari kwenye chai na anaanza kutembea baada ya Alfajiri. Akipata nafuu, sifa zote hupewa unga!

Na sharti la tatu linatufundisha kuhusu ushuhuda. Tukumbuke mwaka 2011, umati wa watu kutoka Tanzania, Kenya na nchi jirani ulipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mzizi kwa shilingi 500 za Tanzania. Kila basi lilirudi na watu wanaosema wamepona. Lakini wako pia walioacha dawa zao za hospitali kwa sababu ya kikombe kile. Aliyekufa nyumbani kwake harudi kutoa ushuhuda. Sisi tunasikia sauti za walionusurika peke yao.

NDIMU NA CHUMVI: VYAKULA VILIVYOPONYA KWELI

Je, maana yake hakuna chakula kinachoponya? La hasha. Kipo, na historia yake inajulikana.

Mabaharia wa zamani waliokaa baharini miezi mingi walikuwa wakipatwa na kiseyeye. Fizi zilivuja damu, meno yakang'oka, na wengi wakafa. Mwezi wa Mei mwaka 1747 daktari wa meli ya Kiingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye ugonjwa huo, akawaweka pamoja, akawapa chakula cha aina moja, kisha akawagawa wawili wawili. Kila wawili walipewa dawa yao: siki, maji ya bahari, sharubati ya tufaha iliyochachushwa na kadhalika. Wawili walipewa machungwa na malimau. Ndani ya siku chache tu hao wawili walikuwa na nafuu kubwa, mmoja wao akarudi kazini. Hapo kulikuwa na kulinganisha. Hata hivyo ilichukua hadi mwaka 1795 kwa jeshi la majini la Uingereza kuamrisha maji ya malimau yatolewe kwa mabaharia wake.

Mfano wa pili ni chumvi. Mtu akikosa iodini, yaani madini joto, hutokwa na rovu shingoni, na mama mjamzito akiikosa sana mtoto huweza kuzaliwa na upungufu wa akili. Uswisi ilianza kutia iodini kwenye chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan huko Marekani likafuata mwaka 1924, mwaka uleule wa ripoti ya ndizi. Kenya nayo iliweka sheria ya jambo hili katika miaka ya 1970. Leo watoto wetu hawajui rovu ni kitu gani. Chumvi hiyo ni ya bei ndogo katika duka la mtaani, na hakuna anayeiita chakula cha miujiza.

Zingatia tofauti. Ndimu huponya kiseyeye kwa sababu kiseyeye ni upungufu wa kile kilichomo ndani ya ndimu. Ukishakuwa na vitamini C ya kutosha, kuongeza ndimu mia hakukufanyi uwe na afya mara mia.

SPINACHI NA ELIMU YA ISNADI

Wanafunzi wengi wamewahi kusikia kwamba spinachi ina madini ya chuma kupita vyakula vyote, na kwamba ndiyo maana yule baharia wa katuni, Popeye, alikuwa akiila apate misuli. Kisha wajuaji wakaja na kisa cha kusahihisha. Wakasema kuwa mwanasayansi wa Kijerumani wa karne ya 19 alikosea kuweka nukta ya desimali, basi chuma ya spinachi ikaonekana mara kumi ya ilivyo. Kisa kitamu, na kimerudiwa katika vitabu na magazeti mengi.

Mwaka 2010 mtafiti wa Uingereza, Mike Sutton, aliamua kukifuatilia. Alirudi nyuma kutoka andiko hadi andiko mpaka akafika kwenye makala ya T. J. Hamblin katika jarida la madaktari wa Uingereza la mwaka 1981. Hamblin hakutaja amekipata wapi. Na Popeye mwenyewe, katika katuni moja ya mwaka 1932, alisema anakula spinachi kwa ajili ya vitamini A, wala si chuma. Kwa hiyo hata kisa cha kusahihisha uongo hakikuwa na msingi!

Ndugu zangu, sisi ni umma wa isnadi. Wanazuoni wetu walisafiri miezi kwenda kumuuliza mtu mmoja amesikia Hadithi kwa nani, na huyo amesikia kwa nani. Walipoona mnyororo umekatika walisema wazi kuwa umekatika. Basi vipi mtoto wa umma huu anapokea ujumbe kwenye simu usemao "utafiti umethibitisha", bila jina la mtafiti wala mwaka, na kabla hajamaliza kuusoma ameshausambaza kwa watu hamsini?

Ukweli kuhusu spinachi ni kwamba chuma imo, lakini mwili huifyonza kidogo. Ukiila pamoja na kitu chenye vitamini C, kama ndimu, unafaidika zaidi. Tena mchicha na kunde za shambani kwetu nazo ni mboga nzuri kwa bei ya chini.

HESABU ZA KWENYE MKEBE

Tuje kwenye mikebe yetu. Mmea unaosifiwa sana kwetu ni mlonge, ambao wengine huuita mzunze. Majani yake ni mboga nzuri, nayo huliwa tangu zamani. Lakini tazama namna hesabu inavyofanywa. Husemwa kuwa mlonge una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa na kalsiamu mara kadhaa kuliko maziwa. Hapo hulinganishwa gramu kwa gramu. Nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge? Kijiko cha chai cha unga ule ni gramu 2 au 3 tu, ilhali chungwa moja hupita gramu 100. Isitoshe, majani yakikaushwa maji hutoka na vingine vinaonekana vimezidi, lakini vitamini C yenyewe huharibika kwa wingi katika kukaushwa. Anayetaka mlonge na apike majani mabichi kwa nazi, atafaidi kuliko kijiko cha unga.

Hesabu nyingine ni ya antioksidanti. Kulikuwa na kipimo kiitwacho ORAC kilichopima nguvu ya chakula ndani ya chupa za maabara, na kampuni zikawa zinashindana kuandika namba zake kwenye pakiti. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa orodha yake ya namba hizo, kwa kuwa zilikuwa zikitumiwa vibaya na wauzaji na hazionyeshi kitakachotokea ndani ya mwili wa mtu.

Na tusidhani kwamba hata kisipofaa hakidhuru. Huko Finland wavutaji sigara wanaume 29,133 walishiriki jaribio lililotolewa ripoti mwaka 1994. Baadhi yao walipewa vidonge vya beta-karotini, kile kilichomo kwenye karoti, kwa matumaini kwamba kitawakinga na saratani ya mapafu. Waliopewa walipata saratani hiyo zaidi ya wasiopewa, kwa asilimia 18. Jaribio jingine la Marekani lilisimamishwa kabla ya wakati wake mwaka 1996 kwa matokeo ya aina hiyohiyo. Karoti ni neema. Lakini kukitoa kitu kimoja ndani ya karoti na kukijaza kwenye kidonge ni jambo jingine.

KOMAMANGA MAHAKAMANI

Komamanga limetajwa ndani ya Qur'ani Tukufu, likiwemo katika Surat Ar-Rahman miongoni mwa matunda ya Peponi. Huko Marekani kampuni ya POM Wonderful iliuza maji ya komamanga kwa matangazo yaliyoashiria kuwa yanatibu au kuzuia maradhi ya moyo na saratani ya tezi dume. Mwaka 2010 Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliishitaki. Kampuni ilijitetea kwamba imetumia zaidi ya dola milioni 35 kwa utafiti. Mwaka 2013 Tume iliamua kuwa matangazo yake kadhaa yalikuwa ya kudanganya, mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaunga mkono sehemu kubwa ya uamuzi huo, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi. Huko Ulaya nako, tangu mwaka 2007, muuzaji haruhusiwi kudai manufaa ya afya kwenye chakula bila uthibitisho uliokubaliwa.

Waliohukumiwa hapo ni wauzaji. Tunda lenyewe limebaki tunda jema.

HABBAT SAUDA: TUSIIUZE HADITHI

Sasa tufike pale alipokwama mama yangu mkubwa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alisema kwamba katika habbat sauda mna shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Hatuna shaka na Hadithi hii.

Lakini tuwaulize wenye elimu wameifahamu vipi. Al-Khattabi alisema kuwa ni tamko la jumla lenye makusudio mahsusi, yaani maradhi ya aina fulani. Ibn al-Qayyim alilinganisha na Aya ya Surat Al-Ahqaf inayosema kuwa upepo uliangamiza kila kitu, na maana yake ni kila kinachokubali kuangamizwa na upepo. Akaeleza pia kwamba dawa huhitaji kulingana na ugonjwa, kipimo na hali ya mgonjwa. Na Mtume (S.A.W.) huyohuyo ameamrisha kujitibu, na amebainisha kuwa anayejifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, basi anabeba dhamana ya madhara anayoyasababisha.

Watafiti wa leo wameichunguza mbegu hii na kuona kuwa inaweza kusaidia kushusha sukari na presha kwa kiasi. Hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini kwa sababu hiyohiyo, anayemeza vidonge vya sukari amueleze daktari wake kabla ya kuitumia, isije sukari ikashuka kupita kiasi. Hakuna Hadithi iliyosema "acha dawa yako." Hayo ni maneno ya muuzaji.

MUHTASIB YUKO WAPI?

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikapata majimaji. Muuzaji akasema mvua imelinyeshea. Akamuuliza kwa nini hakuyaweka yaliyolowa juu watu wayaone, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya si katika sisi. Kutoka hapo umma ulijenga kazi ya hisba. Katika zama za Salahuddin, Al-Shayzari aliandika kitabu cha kumuongoza muhtasib wa soko, chenye milango kuhusu waokaji mikate, wauza dawa, watengeneza sharubati na matabibu. Ameeleza hata namna zafarani inavyoghushiwa kwa nyuzi za nyama ya kuku iliyochemshwa na kutiwa rangi.

Leo muhtasib hatumuoni kwenye kikao cha akina mama wala kwenye simu zetu. Basi kila mzazi awe muhtasib wa nyumba yake. Akiletewa mkebe, aulize haya:

1. Kinadaiwa kutibu maradhi mangapi? Orodha ikiwa ndefu, shaka iwe kubwa.

2. Nani amesema, lini, na imejaribiwa kwa watu wangapi waliolinganishwa na wasiopewa?

3. Hesabu ni ya gramu 100 au ya kijiko nitakachokunywa?

4. Je, kuna chakula cha sokoni kwetu chenye faida hiyohiyo kwa bei nafuu?

5. Anayeuza anaambiwa aache dawa gani akiumwa yeye? Na mimi ananiambia niache dawa? Akisema uache, mwambie ma'assalama.

6. Jina la Allah na la Mtume (S.A.W.) limewekwa hapa kwa ajili ya dini au kwa ajili ya bei?

Na muhimu kuliko yote, tukae na wazee wetu. Mama yangu mkubwa alikuwa na wapwa na watoto wanaosoma, mmoja anasomea uuguzi, na kwa miezi minne hakuna aliyeuliza kwa nini vidonge havipungui. Dhamana ya vidole vile haipo kwa muuzaji peke yake. Siku hizi tunaviangalia vidonge vyake kila Ijumaa, na asali na habbat sauda yake bado anakula, baada ya kumuuliza daktari.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, atupe riziki ya halali iliyo safi, na atujaalie tuwe wakweli katika kununua na kuuza kwetu. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.